Njaa na Hamu, Maneno ya

Msamiati wa Kiswahili unaotaja uhitaji wa chakula na, kwa kupanuliwa, shauku ya mtu au kitu. Njaa ni neno la asili ya Kibantu. Hamu na shauku yametoka katika Kiarabu.

Tofauti za maneno haya husikika vizuri Kariakoo, eneo la Dar es Salaam lililopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Saa saba mchana, kijana wa mkokoteni akikaa kwenye benchi la mama ntilie husema ana ubao, yaani njaa ya mtu aliyefanya kazi. Akitaka samaki wakati wenzake wanakula maharage, huo ni uchu: tumbo laweza kuwa limeshiba, ulimi ukadai kitoweo. Ndiyo maana waandishi wa habari huandika uchu wa madaraka; neno hilo hubeba lawama ambayo hamu haina. Hamu ni ya heshima zaidi, nayo hufaa hata kwa mama aliye mbali. Anayetazama viatu dukani bila fedha huvimezea mate. Vitenzi navyo hutofautiana: kiu hukatwa, njaa hutulizwa.

Ubao, pamoja na uchangamfu wake, hauchukui nafasi ya njaa kila mahali. Upungufu wa chakula ulioikumba Tanzania mwaka 1974 huitwa njaa; kuuita ubao ni kukosa adabu.