Nani anapokea mwanafunzi mgeni? Historia fupi ya mutualite katika vyuo vyetu



Kila mwaka masomo yanapoanza, sisi tunaofanya kazi kwenye tereni tunaona picha ileile. Kijana anashuka kwenye pikipiki mbele ya chuo kikuu, hapa Butembo ao kule Beni. Kigodoro kimefungwa nyuma, karatasi zake zote ziko ndani ya mfuko wa plastiki. Hajui atalala wapi, wala hajui atabisha mlango gani kwanza. Katika inchi nyingi, chuo kikuu kiko na ofisi ya kumpokea mwanafunzi wa namna hiyo: wanamwonyesha nyumba, wanamfundisha lugha, wanamtafutia mtu wa kumsikiliza. Kwetu, mara nyingi anakutana na swali moja tu: «Wewe ni wa wapi? Mutualite yako ni gani?»

Swali hilo liko na historia, na tunaileta hapa juu mkutano mkuu unakaribia. Mnajua tutapiga kura juu ya sanduku nyekundu la muso yetu, lile la misaada. Je, litasaidia wanafunzi ambao wazazi wao ni wanamemba tu, ao kila mwanafunzi aliyerudi ao aliyekimbia akafika hapa kusoma?

Wakati sisi tulikuwa wageni

Chuo kikuu cha kwanza cha inchi yetu, Lovanium, kilifunguliwa mwaka wa 1954 kule Kinshasa, wakati ule Léopoldville. Cha pili kilifuata Lubumbashi mwaka wa 1956. Cha tatu kilianzishwa na Waprotestanti Kisangani mwaka wa 1963. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakufika 30.

Kwa mtoto wa Butembo ao Beni, kusoma chuo kikuu ilikuwa kwanza ni safari. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi, hata ndege ikienda moja kwa moja, ni karibu kilometa 1.300. Na vita haikukosekana. Mwaka wa 1964 Wasimba walipokamata Kisangani, chuo kile kilihamia Kinshasa kwa muda, kikapokelewa kwenye kilima cha Lovanium. Kumbe katika inchi yetu hata chuo kikuu kizima kilishakuwa mkimbizi, na chuo kingine kikakipa fasi.

Mwaka wa 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vyote vitatu kuwa kimoja, UNAZA, na ikagawa masomo: uganga Kinshasa, lugha na historia Lubumbashi, ualimu Kisangani. Basi mtu hakuchagua mji, alifuata somo. Vijana wa makabila yote walijikuta katika oditwari moja. Serikali ilitoa bursa, ikatoa restora, ikatoa majumba ya kulala tunayoita home. Hizo njo zilikuwa huduma za mwanafunzi. Hakukuwa na ofisi ya mgeni juu karibu kila mtu alikuwa mgeni, na serikali ililisha wote.

Mwaka wa 1981 UNAZA iligawanyika tena. Pole pole bursa ilipoteza nguvu, restora zikakosa chakula, chumba cha watu wawili kikalala watu sita. Fasi ile serikali iliacha, mutualite ikaingia. Vijana wa mkoa mmoja, ao wa lugha moja, walipokea wadogo wao waliofika wapya. Waliwapa godoro, waliwakopesha silabusi ya mwaka uliopita, waliwaonya juu ya mwalimu mkali. Mtu akiugua walichanga. Mtu akifa mbali na kwao walichanga tena ili mwili ufike nyumbani. Wazee wengi wenye diploma leo katika mji huu hawangemaliza bila mutualite. Tusiidharau.

Jambo hilo halikuanza na sisi. Zaidi ya miaka 700 iliyopita, katika vyuo vikuu vya Bologna na Paris, wanafunzi waliotoka mbali walijipanga kwa asili yao katika vikundi vilivyoitwa «mataifa». Paris ilikuwa na mataifa manne. Walisaidiana, walitetea haki zao, walizika wafu wao, na mara nyingi walipigana wao kwa wao. Mpaka leo kuna mji wa Uppsala, Sweden, wenye chuo kikuu chenye mataifa 13 ya namna hiyo. Lakini kule mlango ulifunguliwa: mwanafunzi anaingia taifa analopenda, hata kama hakuzaliwa katika jimbo lenye jina lile.

Kwetu mlango haukufunguliwa hivyo. Na mlango unaoingiza watu wako unaweza pia kufungia wengine inje. Lubumbashi, mwaka wa 1990, wanafunzi wa mkoa wa Équateur, alikotoka raisi Mobutu, walishukiwa na wenzao kuwa wapelelezi wa serikali. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, watu wenye silaha waliingia ndani ya kampasi wakashambulia wanafunzi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Kosa halikuwa la mutualite, lilikuwa la wenye nguvu. Lakini usiku ule swali la «wewe ni wa wapi?» halikuwa tena swali la kutafutia mtu godoro. Lilikuwa swali la kuishi ao kufa.

Wakati chuo kilikuja nyumbani

Mwaka wa 1989, Askofu Emmanuel Kataliko wa jimbo la Butembo-Beni alianzisha hapa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG. Sababu ilikuwa wazi kwa kila mzazi: barabara zimekufa, bursa imekufa, na mtoto anayetumwa mbali hajulikani atarudi lini. Sasa mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mkulima waliweza kusoma uganga, sheria ao kilimo na kulala kwao.

Kataliko mwenyewe alijua kufukuzwa. Alikuwa amekuwa askofu mkuu wa Bukavu, na mwaka wa 2000 waasi waliotawala kule walimkataza kukaa na waamini wake. Alirudishwa Butembo, akakaa miezi saba. Aliruhusiwa kurudi Bukavu mwezi wa 9, na mwezi wa 10 akafariki kule Roma. Kwa hiyo mtu aliyeleta chuo kikuu kwetu alionja, yeye pia, maisha ambayo wanamemba wengi wa umoja huu wanayafahamu.

Vyuo vingine vilifuata. Beni ilipata mwaka wa 2007 Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC, kinachofundisha kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Serikali nayo iko na vyuo vyake katika miji yote miwili. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kuna kitu hatukukiona haraka: viti viligeuka. Zamani mgeni alikuwa sisi. Sasa mgeni ni yule anayekuja kwetu.

Na wamekuja wengi. Toka mwezi wa 10 mwaka wa 2014, mauaji katika eneo la Beni yalihamisha watu kutoka Oicha, Eringeti, Mbau na vijiji vingi. Ituri walikuja Wahema, Walendu, Wabira, Walese. Mwezi wa 6 mwaka wa 2024 Kanyabayonga ilianguka, watu wakapanda kuelekea Lubero na Butembo. Mwezi wa 1 mwaka wa 2025 Goma ikaanguka, na wanafunzi wa kule wakatawanyika. Kisha kuna wetu wenyewe, waliopita mpaka wa Kasindi wakirudi kutoka kambi za Uganda: Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja, Nakivale.

Wakati uleule woga wa mgeni ulikomaa kati yetu. Hatuwezi kusahau tarehe 19 Aprili 2019, katika siku mbaya za Ebola. Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu hapa Butembo. Alikuwa amekuja kutusaidia. Woga hauulizi mtu alikuja kufanya nini. Unamsikiliza paka namna anavyosema.

Yule asiye na mutualite

Tuseme habari ya binti mmoja bila jina lake. Alikimbia na mama yake akiwa mtoto, akasoma Uganda mpaka akamaliza kidato cha sita. Alirudi, akaandikishwa masomo ya uchumi katika chuo kimoja cha hapa. Hesabu zilimwelea. Lakini mtihani wa kwanza aliacha maswali matatu meupe, si juu hakujua jibu, ni juu hakuelewa Kifaransa cha swali.

Ukuta wa kwanza ni huo, lugha. Wa pili ni karatasi. Diploma ya Uganda inatakiwa kukubaliwa na serikali kuwa sawa na diploma ya hapa, na faili inasafiri mpaka Kinshasa. Kabla jibu halijarudi, ofisi ya kuandikisha, ile tunaita aparitora, inamhesabu mwanafunzi kuwa nusu mwanafunzi. Ukuta wa tatu njo unaouma zaidi. Alienda kwa mutualite ya vijana wa kijiji cha baba yake. Wakamsemesha Kinande, akajibu kwa Kiswahili chenye maneno ya Kiganda. Walicheka. Hawakumfukuza, walicheka tu, naye hakurudi tena.

Huyo ni Mnande kabisa. Sasa fikirini mtoto wa Wambuti, ao kijana anayesema Kihunde ao Kinyarwanda, anayetazamwa kwa jicho baya kabla hajafungua kinywa.

Wafadhili wetu watauliza: hakuna bursa za wakimbizi? Ziko. Ile inayojulikana zaidi, DAFI, inaendeshwa na HCR kwa msaada wa Ujerumani toka mwaka wa 1992, na kanuni yake inataja pia waliorudi kwao. Lakini nafasi ni kidogo kuliko waombaji. Tena bursa haiketi na mtu siku ya kwanza ndani ya oditwari.

Kura yetu

Katika mkutano uliopita mama mmoja alisimama akasema: «Sanduku hili tuliliweka franga kwa franga. Tulipokuwa Uganda, nani wa hapa alituchangia?» Wengi walipiga makofi, na sisi hatutasema alikosea. Feza ni kidogo na watoto wa wanamemba ni wengi.

Lakini tutofautishe mambo mawili. Minerval ni feza nzito, na tunakubali ibaki kwanza kwa watoto wa wanamemba. Kupokea mtu ni kazi nyingine, na gharama yake si kubwa. Tunapendekeza mambo matatu yafunguliwe kwa kila mwanafunzi aliyerudi ao aliyehamishwa, wa kabila lolote. La kwanza, mwanafunzi wa zamani wa kumsindikiza muhula wa kwanza, kila mgeni na mwenzake. La pili, masomo ya Kifaransa jioni. Kati yetu kuna walimu walio tayari kufundisha wakilipwa nauli tu. La tatu, kusaidia faili za diploma zitumwe pamoja, badala ya kila mmoja kuhangaika na yake. Kisha twende kwa wakubwa wa vyuo, Butembo na Beni, na orodha ya tuliowasaidia mkononi. Tuwaombe waweke ndani ya chuo mlango mmoja wenye mtu na saa za kazi, mlango ambao mgeni anaweza kubisha bila kuulizwa kwanza kabila.

Yule mama aliuliza swali zuri, na jibu tunalo sisi wenyewe. Wengi wetu tulipofika upande wa pili wa mpaka, mtu fulani alitupa maji, alituonyesha njia, alitufundisha kusema «webale». Hakuwa wa mutualite yetu.

Binti yule yuko mwaka wa pili sasa. Anasoma Kifaransa na mwalimu mmoja mstaafu, memba wetu, siku ya pili na siku ya ine, saa kumi na moja jioni. Wanafunzi wengine wanne wameomba kuketi naye. Wawili kati yao wazazi wao si wanamemba. Mwalimu anangoja mseme.