Wanyika Wepi?

Mtu akisifu muziki wa Wanyika, muulize kwanza: Wanyika wepi? Ndugu wawili waliotokea Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walianzisha Simba Wanyika mwaka 1971, wakaja kutamba Nairobi.

Mwaka 1978 bendi ikapasuka. Mpiga gitaa la rithimu Omar Shabani, Tom Malanga wa besi na wenzao walijitoa, wakaunda Les Wanyika pamoja na mwimbaji John Ngereza. Jina hawakuliacha, na haki walikuwa nayo: mlio ule waliujenga wao pia. Wimbo wao "Sina Makosa" ukawavusha mipaka.

Baadaye Issa Juma, mwenye sauti nzito isiyosahaulika, naye akatoka na Super Wanyika yake. Simba Wanyika wenyewe waliendelea kupiga hadi miaka ya 1990.