Kitanda, Mwanasesere na Fumbo: Njia za Kumfundisha Mwuguzi tangu 1860

Kitenzi "kuuguza" kimetokana na "kuugua" kwa kuongezwa kiambishi cha kutendesha. Hata hivyo maana yake si kumtia mtu ugonjwa, kama kanuni ya viambishi ingalivyotazamiwa kutoa, bali ni kumtunza aliye mgonjwa na kukaa naye wakati wa kuugua kwake. Lugha yenyewe, basi, yamweka mwuguzi kando ya kitanda, wala haimweki darasani. Walimu wa kazi hiyo hawakuweza kuliamua jambo hili kwa urahisi kama lugha ilivyoliamua, maana aliyelala kitandani ni mtu, na mwanagenzi akikosea, gharama ya kosa hilo hulipwa na mwili usio wake.

Florence Nightingale alichagua kitanda. Baada ya Vita vya Krimea (1853–1856) alikabidhiwa fedha za mchango, pauni zipatazo 45,000, na kwa fedha hizo shule ikafunguliwa mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas', London, ikiwa na wanafunzi 15. Walifanya kazi wadini chini ya macho ya wauguzi wakubwa. Waliandika kumbukumbu za kila siku. Na mwenendo wao, tangu kuwahi kazini hata ukweli wa maneno, uliandikwa kila mwezi katika karatasi maalumu. Mihadhara ilikuwapo pia, nayo ilikabidhiwa daktari wa hospitali. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 ikagunduliwa kwamba daktari huyo alikuwa ameipuuza kwa muda mrefu, na mwaka 1873 mahali pake pakashikwa na John Croft, mpasuaji.

Mtu aweza kusema kwamba hapo ndipo ilipothibitika kuwa kitanda chatosha, kwa kuwa shule ilikwisha kupata sifa mbali hata bila ya mihadhara. Nightingale mwenyewe hakuona hivyo. Tangu mwaka 1872 alianza kuwaita wanafunzi mmoja mmoja, kuwauliza waliyojifunza, na kuzisoma kumbukumbu zao. Yafaa kulitia jambo hili maanani, kwa sababu wengi hudhani kwamba mafundisho ya kuulizana na kujibizana ni uvumbuzi wa juzi. Alichogundua ni kwamba mwanafunzi aweza kutenda jambo mara mia bila ya kulifahamu, asipopatikana mtu wa kumwuliza kwa nini amelitenda.

Hospitali nyingi zilizoiga mfano wa London ziliichukua kazi zikaliacha swali. Huko Marekani hasa, shule za wauguzi zilienea kwa haraka kwa sababu mwanafunzi alikuwa mtumishi wa bei nafuu, na hapana shaka kwamba wakuu wa hospitali walilijua hilo. Taarifa iliyotungwa na Josephine Goldmark mwaka 1923 ilieleza wazi kwamba mahitaji ya wadi yalitangulizwa mbele ya mafundisho. Mwaka huo huo chuo cha Yale kikafungua shule ya uuguzi chini ya Annie Goodrich, iliyokusudiwa kumhesabu mwanafunzi kuwa ni mwanafunzi.

Wakati huo njia nyingine ilikuwa imekwisha kuanza. Katika shule ya wauguzi ya hospitali ya Hartford, Connecticut, ilionekana kwamba sanamu za majani makavu hazifai kufundishia. Mkuu wa shule akamwomba Martha Jenkins Chase, fundi wa wanasesere wa Pawtucket, atengeneze mwanasesere wa kimo cha mtu mzima. Alipelekwa mwaka 1911, viungo vyake vikipindika, na wanafunzi wakajifunza kwake kumgeuza mgonjwa, kumvika, na kutandika kitanda naye akiwa juu yake. Mwaka 1914 akafuata mwingine aliyewekewa mahali pa kudungwa sindano.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki jambo hilo si geni hata kidogo. Hans Cory, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alieleza sanamu za udongo zilizotumiwa katika unyago huku Tanganyika, kila moja na wimbo wake na mafundisho yake. Lakini sanamu za unyago hazikufundishwa kimya kimya: mwari aliimbiwa na kufafanuliwa. Mwanasesere wa Hartford alifundisha mikono. Hakulalamika, hakuona haya, wala hakuogopa.

Upungufu huo ndio aliojaribu kuuondoa Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu katika chuo cha Southern California, Los Angeles, mwaka 1963. Alimfundisha mtu mzima wa afya aigize ugonjwa, apimwe na wanafunzi, kisha aseme alivyotendewa. Wako walioidhihaki njia hii kuwa ni mchezo wa kuigiza. Lakini hapana sanamu iwezayo kumwambia mwanafunzi kwamba mikono yake ilikuwa ya baridi na maneno yake makali. Mwaka 1969 chuo cha McMaster, Kanada, kikaanza kuwafundisha madaktari kwa vikundi vidogo, kila kikundi kikipewa fumbo la mgonjwa kabla ya kufundishwa majibu, na njia hiyo ikafika hata kwa wauguzi. Fumbo lanoa akili kuliko mwanasesere, ila haliufundishi mkono kitu.

Mwaka 2014 baraza la bodi za uuguzi za Marekani lilitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule 10, ambalo wanafunzi 666 walilimaliza. Kundi moja lilifuata desturi, na mazoezi ya kuiga hayakuzidi asilimia 10 ya saa zao za wadini. Makundi mengine mawili yalibadilishiwa asilimia 25, au 50. Haikuonekana tofauti yenye uzito katika maarifa wala katika ustadi. Masharti, hata hivyo, yalikuwa makali: walimu wenyewe walifunzwa kwanza, na kila zoezi lilifuatwa na mazungumzo ambamo mwanafunzi aliulizwa sababu za aliyoyatenda. Zaidi ya nusu ya saa za kitandani haikujaribiwa kuondolewa.