Mawimbi Yasiyotakiwa na Mtu

Mwaka 1912 Marekani ilitunga sheria ya redio iliyowasukuma wanaredio wa ridhaa pembeni. Jeshi la majini, meli na makampuni ya simu ya upepo yalibaki na mawimbi marefu. Vijana waliojiundia mitambo vyumbani mwao wakaachiwa mawimbi ya mita 200 kushuka chini, tena kwa nguvu isiyozidi kilowati moja. Wataalamu wengi wa siku zile waliamini kwamba wimbi fupi kiasi hicho haliwezi kufika mbali. Imani hiyo ilikuwa na msingi wake. Desemba 1901, Guglielmo Marconi alipotangaza kuwa amenasa herufi S kule Newfoundland kutoka Poldhu, Uingereza, waya wake ulikuwa umepandishwa kwa tiara juu sana kwenye upepo mkali, na mtambo uliorusha ulikula umeme wa kutosha kiwanda. Tangu hapo, aliyetaka kwenda mbali zaidi alirefusha wimbi na kuongeza nguvu.

Walionyimwa vyote viwili walitafuta njia nyingine. Mwaka 1914 Hiram Percy Maxim wa Hartford aliunda chama cha kupokezana ujumbe: asiyefika Chicago amfikie aliye katikati, naye aupeleke mbele. Vita Kuu ya Kwanza ikaifunga mitambo yao mwaka 1917, na ilipofunguliwa 1919 valvu zilikuwa zimeanza kuchukua nafasi ya mitambo ya cheche.

Mwishoni mwa 1921 chama hicho kilimtuma Paul Godley ng'ambo kwa kazi moja tu, kusikiliza. Alipiga hema shambani karibu na pwani ya Ardrossan, Scotland, wakati wa baridi na mvua. Antena yake ilikuwa waya mrefu uliolazwa juu ya nguzo fupi na kuelekezwa Marekani. Waya wa namna hiyo haukusanyi nguvu nyingi. Sifa yake ni kupunguza kelele za pande nyingine, hata sauti hafifu ya upande unaotakiwa ijitokeze. Usiku Godley akausikia mtambo wa 1BCG kutoka Greenwich, Connecticut, ng'ambo ya Atlantiki. Kwangu mimi usiku ule una uzito kuliko ule wa Marconi, kwa sababu ulionyesha kwamba nusu ya masafa iko kwa msikilizaji.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice alizungumza na Fred Schnell wa Connecticut kwa wimbi la mita zipatazo 100. Oktoba 1924 Frank Bell, kutoka shamba la kondoo New Zealand, akajibizana na Cecil Goyder, kijana aliyekuwa shuleni Mill Hill, London. Dada yake Frank, Brenda, baadaye aliuendesha mtambo huo mwenyewe. Maelezo ya kisayansi yalikuja karibu wakati huohuo: majaribio ya Edward Appleton yalithibitisha kuwa juu angani kuna tabaka lililochajiwa umeme na jua, linalorudisha mawimbi ardhini. Wimbi likidunda kati ya tabaka hilo na bahari, nyumba ya kawaida inaweza kuifikia nusu ya pili ya dunia.

Anayeanza leo afuate mkondo huohuo wa kujali antena kuliko nguvu. Leseni kwanza, kutoka kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake. Kisha antena, kabla ya kufikiria mtambo wa bei kubwa. Kwa megahezi 14, waya wa kawaida wa shaba wenye urefu wa karibu mita 10, uliokatwa katikati na kuunganishwa na kebo pale ulipokatwa, unatosha kabisa ukitundikwa juu kiasi cha mita 10. Kuongeza nguvu mara mbili kunapandisha nguvu ya mawimbi kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo anayekusikiliza huenda asiitambue. Ukiuinua waya kutoka usawa wa paa hadi juu ya mnazi, tofauti anaitambua mara moja. Nasi wa karibu na ikweta tuna bahati: jua la utosini hulichaji vizuri tabaka la juu, na megahezi 21 na 28 hufunguka mchana hata pale Ulaya inapolalamikia ukimya.

Tangu 2019 kuna njia nyingine. Setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, ilibeba mtambo wa kupokea na kurudisha sauti za wanaredio wa ridhaa, wa kwanza wao kukaa mahali pamoja angani, kilomita 36,000 juu ya ikweta. Unahudumia kutoka Brazil hadi Thailand, Afrika yote ikiwemo. Wati chache na dishi la ukubwa wa lile la televisheni vinatosha. Kwa aliyeko Nairobi au Dar es Salaam setilaiti hiyo iko karibu utosini, imeegemea kidogo magharibi, kwa hiyo hata ua mdogo uliobanwa na maghorofa huiona vizuri.