Walokole na mpaka wa Ukristo wa kweli

Walokole ni jina walilopewa watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, harakati ya kiroho iliyochipuka katika kanisa la Kianglikana la Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha ikaenea Burundi, Kenya, Tanganyika na kwingineko. Jina lenyewe ni la Kiganda, maana yake waliookoka, na mwanzoni lilitamkwa kwa kejeli. Wao waliitana ndugu. Makala hii inashughulikia upande mmoja tu wa historia yao: walivyomchora mtu wa nje, na walivyodai kuwa ndio Wakristo wa kweli. Kinachowatofautisha na makundi mengi ya aina hiyo ni kwamba mtu wa nje machoni pao hakuwa hasa Mwislamu, wala mwenye kutambikia mizimu. Alikuwa amebatizwa, amepata kipaimara, ameketi nao kanisani, pengine amevaa kanzu ya uchungaji.

Chanzo

Wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Kianglikana, walifika Buganda mwaka 1877. Katika nusu karne iliyofuata kanisa lilikua haraka mno, kwa kuwa ubatizo ulifungua njia ya shule, kazi na uchifu. Waliobatizwa wakawa wengi, na wengi wao wakaendelea na ulevi, wake wengi na ushirikina bila kusumbuliwa na mtu. Hali hiyo ilimuuma Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali. Mwezi wa Septemba 1929, pale Namirembe, Kampala, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, na aliyekuwa amechoka mwili na roho. Wawili hao walisali na kusoma Biblia pamoja. Historia nyingi za Uamsho huanzia hapo.

Kisa cha Yosiya Kinuka kinaonyesha vizuri zaidi namna mpaka ulivyochorwa. Kinuka alikuwa msaidizi katika hospitali ya Gahini, tena Mkristo, na hakuelewana na Church. Mwaka 1931 alipelekwa kwa Nsibambi kupumzika, akamweleza jinsi kazi ya hospitali ilivyoharibika. Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia kuwa ubaya anaoulalamikia umo ndani ya moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini ametubu, na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa ndugu. Kwa hiyo kila mlokole aliyemnyooshea kidole Mkristo wa jina alikuwa na ushuhuda wa siku ambazo Mkristo huyo wa jina alikuwa yeye.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha Gahini na alitaka kulipeleka suala la Wakristo wa jina hadi kwa wakuu wa kanisa. Alikusudia kuiuliza sinodi ya Uganda sababu ya kanisa kupoa, na kwa nini watu wanaojulikana kuishi dhambini waruhusiwe kwenye Meza ya Bwana. Alifariki Januari 1936 kabla ya kusema hayo, na maneno yake yakawa na uzito zaidi kuliko kama angeyasema akiwa hai.

Picha ya mtu wa nje

Katika mahubiri ya ndugu, Mkristo wa kawaida alikuwa amelala, au alikuwa vuguvugu kama watu wa Laodikia katika kitabu cha Ufunuo. Dini anayo, wokovu hana. Anaficha, na hapa ndipo penye kiini: dhambi kubwa ya mtu wa nje haikuwa pombe wala uzinzi, ilikuwa kufunika. Mwokovu alitakiwa kutembea nuruni, yaani kutubu mbele ya wenzake kwa kutaja dhambi yenyewe, kurudisha alichoiba, na kwenda kupatana na aliyemkosea. Aliyetubu hivyo alipokelewa kwa kukumbatiwa na kuimbiwa Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda uliokuja kuimbwa katika lugha nyingi za eneo hili. Wamisionari hawakusamehewa mtihani huo. Baadhi yao walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi cha rangi, jambo lisilokuwa la kawaida katika Afrika ya kikoloni ya miaka ya 1930.

Waliobaki nje nao walikuwa na picha yao. Mlokole kwao alikuwa mwenye majivuno, mvunja heshima za wazee, mtu asiyejua kutunza siri ya nyumba. Lawama hii ya mwisho haikuwa ya kuonea. Mwanamke akiungama uzinzi hadharani, amemtaja na mwanamume ambaye hakuomba kutajwa.

Mukono, 1941

Mvutano ulifikia kilele katika Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, ambako kanisa la Uganda liliwaandaa makasisi wake. Wanafunzi walokole, akiwemo William Nagenda, waliamka kabla ya alfajiri kusali na kuhubiri, wakikemea wizi na uasherati chuoni, na pia mafundisho ya kisasa ambayo waliona yanapunguza thamani ya damu ya msalaba. Mkuu wa chuo, J. C. Jones, alipiga marufuku mikutano hiyo. Hawakutii. Wanafunzi 26 wakafukuzwa.

Ni vigumu kumpa upande mmoja haki yote. Chuo hakiendeshwi bila kanuni, na mtu anayeamshwa usiku kila siku kwa kuambiwa yeye ni mnafiki ana haki ya kuchoka. Hata hivyo mkuu wa chuo alikuwa akiwaambia makasisi watarajiwa wasiikemee dhambi kwa saa wanayotaka, nao walimsikia akisema wasiikemee kabisa.

Wengi walitarajia kwamba waliofukuzwa wangeanzisha kanisa lao. Hawakufanya hivyo, na uamuzi huo ndio uliowafanya kuwa tofauti na makanisa huru mengi ya wakati ule. Walibaki ndani kwa sababu ndani ndiko waliko watu waliotaka waokoke. Bila Mkristo wa jina kando yake, mlokole angemhubiria nani? Baadaye watoto wa Uamsho walianza kukalia viti vya maaskofu: Obadiah Kariuki nchini Kenya mwaka 1955, Josiah Kibira huko Bukoba upande wa Walutheri, Festo Kivengere huko Kigezi, Uganda, mwaka 1972.

Mpaka uliogharimu damu

Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya walokole wa Kikuyu walikataa kiapo cha wapiganaji, kilichohusisha damu. Walieleza kuwa wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao walikataa vilevile bunduki za serikali ya kikoloni. Wapiganaji waliwaona wasaliti, serikali ikawashuku, na baadhi yao waliuawa. Kudai Ukristo wa kweli hapa hakukuwa njia ya kujikweza. Kivengere naye, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya Idi Amin mnamo Februari 1977, alikimbia Uganda na kuandika kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Amin. Hapo mtu wa nje alikuwa muuaji, na bado alitajwa kama mtu anayeweza kusamehewa.

Waliookoka dhidi ya waliookoka

Mpaka uliochorwa ndani ya kanisa haukukaa mahali pamoja. Katika Nyanza, Kenya, baadhi ya ndugu walisisitiza damu ya Kristo na kujitenga na wasiotubu. Wakaitwa Joremo, watu wa damu. Waliowapinga wakajiita Johera, watu wa upendo, kwa hoja kwamba Mkristo wa kweli hujulikana kwa upendo na si kwa kuwahukumu wenzake. Mwaka 1957 Johera, wakiongozwa na kasisi Abednego Matthew Ajuoga, walitoka Anglikana na kuunda Kanisa la Kristo katika Afrika, lenye makao yake Dala Hera, Kisumu. Waliotoka, basi, ni wale waliolalamikia utengano.

Kufikia miaka ya 1970 kundi jingine, lililojulikana Uganda kama Bazukufu, yaani walioamka tena, lilidai kuwa walokole wenyewe wamelala tena. Lilikemea madeni na anasa za ndugu waliopata mali, na likawataka watubu upya. Wazee wa Uamsho, waliozoea kuwaita wengine vuguvugu, waliitwa hivyo mbele ya watu.

Leo neno mlokole hutumiwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa mtu yeyote anayesema ameokoka, na mara nyingi humaanisha Mpentekoste. Si ajabu kumsikia Mpentekoste kijana akisema kwamba mzee wa Uamsho, aliyetubu hadharani kabla yeye hajazaliwa, ni mtu wa dini tu.