Binchotan

Binchotan ni mkaa mweupe wa Kijapani unaotengenezwa hasa kwa mti wa ubame, aina ya mwaloni mgumu wa mkoani Wakayama. Mwishoni mwa uchomaji tanuri huingizwa hewa hadi joto lipite nyuzijoto 1,000 za Selsiasi, ndipo mkaa unapotolewa ukiwa mwekundu na kufukiwa kwa mchanga na majivu yenye unyevu, ambayo huuachia vumbi jeupe. Kwa jiko dogo la mezani hufaa vipande vizito, vyembamba na vikavu, ambavyo vikigonganishwa hulia kama chuma, kwa maana vyenye unyevu hupasuka na kurusha cheche. Mkaa huu huchelewa kushika moto, lakini hudumu kwa saa kadhaa karibu bila moshi, jambo linalohadaa, kwani monoksidi ya kaboni haina harufu na chumba lazima kipitishe hewa.