Kafi, mupira na watoto wa Mikelenge

Mwaka wa 1871 David Livingstone alikaa Nyangwe, kando ya Lualaba, karibu miezi ine akitafuta mitumbwi. Hakuipata. Wagenya ndio walikuwa wenye muto, na bila mikono yao mugeni hakupita, hata akiwa na mali. Kwetu Maniema, basi, nguvu ya mwili haikuwa mambo ya kupitisha wakati. Mutoto wa Mugenya alizoea kafi mapema, akafundishwa kuogelea na kusimama ndani ya mutumbwi bila kuanguka. Hakuna aliyeita ile sport.

Reli ya Kindu-Kongolo ilipomalizika, karibu 1910, muji ulikua. Masomo ya misioni yakaleta mupira na jimunastiki. Sisi tuliokomalia Mikelenge miaka ya 80 tulipata yote: mupira wa matambara kisha masomo, wasichana wakiimba na kuruka nzango mpaka giza, na siku ya posho kushuka mutoni, wazazi wakikataza. (Walikuwa na haki. Lualaba inakula watu.)

Kisha vita. Mwezi wa kumi 1998 RCD iliingia Kindu, na wazazi wakafungia watoto ndani ya lupango. Woga ule, tunaona, haujatoka kabisa. Nyuma yake zikaja pikipiki na telefone. Leo mutoto wa mwenye mushahara anapelekwa masomo kwa pikipiki, hata njia ya dakika kumi kwa miguu. Mwaka wa 2024 Maniema Union ilifika makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Tulishangilia wote, tukiwa tumekaa.

Mutu atasema: lakini watoto wetu wanachoka tayari, wanabeba maji na makala! Ni kweli, zaidi wasichana. Hao tusiwaambie wakimbie tena. Bidoni ya litre 20 juu ya kichwa si muchezo. Tuwapunguzie muzigo kwanza, kisha tuwarudishie nzango yao.

Tangu 2010 OMS inaomba dakika 60 za kutembeza mwili kila siku kwa wenye miaka 5 mpaka 17. Sisi walimu tuko na saa ya sport kwenye orario, na mara ngapi tumeitumia kumalizia hesabu! Mwaka huu tuliirudisha kiwanjani. Siku ya kwanza, tulipowaambia wakimbie, mwanafunzi mumoja aliuliza wamekosa nini.